Ile Nyundo Haikuwa Yangu

Koku mwanangu,

Umetoka sasa hivi na mama yako kwenda Ruti kuchukua gauni. Fundi cherehani yule namjua: gauni halitakuwa tayari, mtakaa mkimsubiri huku akiwaapia kwamba limebaki jambo dogo tu. Kwa hiyo nina saa mbili au tatu za mchana peke yangu hapa Nyamityobora, mimi na kuku wa jirani na goti langu. Nimevuta meza ya chakula mpaka dirishani nipate mwanga. Hii ni karatasi ya nne. Tatu za kwanza nimezikunja nimezitupa, kwa sababu zote zilianza vizuri mno.

Kesho asubuhi unaondoka. Utapita Kikagate, utavuka mto, utaingia Tanzania, nchi ambayo pasipoti yako inasema ni kwenu na wewe umeijua kwa likizo za Krismasi tu. Kisha utateremka hadi Kigoma, kwenye kambi ya Warundi, ukawe nesi. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutomwazima mtu koti lako, mama yako ameshakwambia na atayarudia mlangoni. Mimi nayaruka. Nina jambo moja, nimelibeba miaka mingi, na nimechoka.

Utakumbuka siku uliyoniletea barua yako ya kuomba kazi, nikusahihishie Kiingereza. Uliandika kwamba umeichagua kazi hii kwa sababu ya baba yako. Kwamba huko kambini Nakivale, ulipokuwa mdogo, wakimbizi wa Kongo walikuwa wamegawanyika, wakikaa kwenye mabenchi mawili mbele ya zahanati, watu wa milimani huku, watu wa bondeni kule. Kwamba siku moja baba yako aliona imetosha, akachukua nyundo na misumari, akayaunganisha mabenchi yakawa moja refu, na tangu siku ile watu wakakaa pamoja. Nilisoma mara mbili. Nikasahihisha koma moja, nikakurudishia. Nikakwambia, "Safi sana."

Hukuitunga wewe hadithi ile. Uliisikia hapa hapa kwenye meza hii, nikiwasimulia wageni huku mama yako akiwamiminia chai, nawe umeegemea goti langu hili ambalo leo haliegemeki. Ni uongo, Koku. Benchi refu ni kweli, lipo mpaka leo. Lakini nyundo haikuwa yangu. Na yale mabenchi mawili, yaliyowatenganisha watu, niliyaweka mimi.

Basi, nimeshasema. Nilidhani nikishaliandika nitapumua, kumbe bado. Ngoja nikueleze taratibu.

Nilikuja Nakivale mwishoni mwa miaka ya tisini, kwa mkataba wa miezi sita. Bibi yako kule Karagwe aliposikia mwanawe daktari anakwenda kufanya kazi nje ya nchi alifurahi, mpaka nilipomwambia nchi yenyewe. "Kuvuka mto tu?" akasema. "Hiyo nayo ni nje?" Kwake nje ilikuwa Ulaya. Kongo ilikuwa inawaka moto, na watu wa Kivu ya Kusini walikuwa wakiingia kila wiki, wakulima na wachuuzi wadogo, wengine Biblia zao wamezificha ndani ya masufuria. Wewe na mama yako mlinifuata baadaye, nikawapangia nyumba hapa Mbarara kwa ajili ya shule, nami nikawa kule siku tano, hapa siku mbili. Miezi sita ikawa maisha.

Sisi Wahaya, wenzetu wa Tanzania wanatutania kwamba tunapenda sifa. Huwa tunacheka na kukanusha. Mimi sikanushi. Nilipenda kuitwa "muganga wa amani". Nilikuwa nasema, "Aa, jamani, ni kazi tu," huku masikio nimeyasimamisha nisikie tena. Kisebusebu na kiroho papo. Nakuandikia hili mapema kwa sababu mengine yote yametokea hapo.

Siku moja watu walipigana bombani kugombea zamu ya maji. Kule walikotoka walikuwa na yao ya zamani, watu wa milimani na watu wa bondeni, na walikuwa wameyabeba pamoja na mizigo. Majina ya makabila yao sitayaandika. Yameandikwa vya kutosha. Walioumia waliletwa kwangu, pande zote mbili, na nikiwa nashona kichwa cha wa kwanza wengine wakaanza upya mbele ya mlango, safari hii kwa nondo zangu za kutundikia dripu. Wanajeshi waliletwa kutoka kambi ya Mbarara kuja kutuliza. Kesho yake watoto wenye homa hawakuja, kila upande ukiogopa kuukuta mwingine.

Nikawaza kama msomi. Nikachukua mabenchi mawili yaliyokuwa yamekaa hovyo mbele ya zahanati, moja nikaliweka kulia, moja kushoto, katikati nikaacha uwanja mtupu wa hatua kama kumi. Wa milimani kulia, wa bondeni kushoto. Kila benchi nikaliwekea msimamizi, mtu wa upande huo huo, anayewajua watu wake kwa sura na kwa lafudhi, awagawie namba zilizoandikwa kwenye vipande vya kadibodi. Nesi anaita mmoja kulia, mmoja kushoto. Haki tupu. Ndani ya wiki moja watoto walirudi, hakukuwa na kelele, nami nikaanza kualikwa hotelini kuzungumza.

Walionizunguka wote walisifu, isipokuwa mtu mmoja. Alikuwa sajini, miongoni mwa wale walioletwa kutuliza ghasia, mtu mzima mwenye mvi kidogo, aliyezoea kuja kunywa chai na walinzi wetu. Aliyatazama mabenchi yangu akatikisa kichwa.

"Sebo daktari," akasema, "wewe nasoma mingi, lakini hii kitu iko mubaya. Kwa jeshi sisi tuko na laini moja. Mutu ya kaskazini, mutu ya hapa, wote laini moja, nakamata sahani. Ukiweka laini mbili, mutu nasahau njaa, naangalia ile ingine."

Nilimshukuru, kwa ile sauti ya kumshukuru mtu asiyejua kitu. Daktari nifundishwe foleni na sajini!

Sasa nikwambie habari za Mama Furaha. Umemwona mara nyingi bila kumjua. Kwa kuzaliwa alikuwa mtu wa milimani. Mumewe Byamungu, seremala, alikuwa wa bondeni. Walioana kule kwao kabla mambo hayajaharibika, wakati watu walikuwa bado wanachekelea ndoa kama hizo. Furaha ndiye binti yao wa kwanza. Baada yake walikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne.

Asubuhi ile nilikuwa natakiwa Mbarara kwenye mkutano wa amani. Unaijua mikutano hiyo: soda, biskuti, karatasi kubwa ukutani na kalamu za rangi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya dakika ishirini, na maneno yenyewe yalikuwa juu ya mabenchi yangu mawili. Nilitoka na mkoba, nimechelewa, gari limeshawashwa. Pale katikati, kwenye ule uwanja mtupu, alikuwa amesimama mama, mtoto begani, amemfunika kitenge. Aliponiona alinikimbilia.

"Muganga! Banakatala kunipa namba. Huku banasema niende kwa batu ba bwana yangu. Kule banasema miye si mutu wabo. Mutoto iko na moto mingi, muganga."

Nilikuwa nimeshafunga mlango wa gari. Nikateremsha kioo kidogo, kidogo tu kwa sababu ya vumbi, nikamwambia, "Kaa kwenye benchi lako, mama. Watakuita."

Gari likaondoka.

Kaa kwenye benchi lako. Nimesema maneno mengi maishani mwangu, Koku, mengine kwa kipaza sauti na mengine mbele ya mawaziri. Nikifa na ukaulizwa baba yako alisema nini, ukitaka kuwa mkweli utaanza na hayo manne.

Mkutanoni nilizungumza vizuri. Walipiga makofi. Nilirudi Nakivale kesho yake, na nesi wa zamu akanipokea nje, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mama yule alikuwa amekwenda benchi la kulia, akakataliwa. Akaenda la kushoto, akakataliwa. Akaenda kukaa chini kwenye kivuli cha tangi la maji, akingoja mimi nirudi. Manesi walikuja kumwona mtoto alipoanza degedege, mchana. Walifanya walichoweza. Malaria ilikuwa imemmalizia damu, alihitaji kuongezewa, na damu ya kuongeza ilikuwa Mbarara. Zahanati ilikuwa na gari moja. Gari hilo lilikuwa limeegeshwa mbele ya hoteli, likinisubiri mimi nimalize kuzungumza juu ya amani.

Nilifungua daftari la vifo nikatia sahihi. Ndivyo ilivyotakiwa, nikafanya ilivyotakiwa. Nikawaita wale wasimamizi wawili nikawafokea mpaka mmoja akalia, na baadaye nikaelewa kwamba walikuwa wamefanya kile kile nilichowafundisha. Niliwapa kazi ya kumjua nani wao na nani si wao, wakaifanya vizuri.

Na usidhani niliyaondoa mabenchi. Nilisema nitalifikiria. Niliogopa kwamba ghasia zitarudi, na niliogopa zaidi kwamba mwezi unaofuata walikuwa wanakuja wageni kuyaona.

Zilipita siku nane au tisa tangu mazishi. Nilikuwa chumbani kwangu, mgonjwa amekaa mbele yangu, nikasikia uwanja wote umenyamaza. Nikachungulia dirishani. Byamungu alikuwa anakuja na nyundo mkononi. Kusema kweli, nilijua amekuja kunipasua kichwa, na kusema kweli zaidi, nilirudi nyuma ya kabati la dawa. Nikiwa huko nikamsikia anasema, bila kupaza sauti, "Musimame bote."

Wakasimama, kulia na kushoto. Alilivuta benchi la kwanza mpaka katikati, akaenda akalivuta la pili, akayakutanisha ncha kwa ncha. Alikuwa amekuja na ubao begani na misumari mdomoni. Akaulaza ubao juu ya ungio, akapigilia, akageukia upande wa chini, akapigilia tena. Halafu akakaa pale pale kwenye ungio, peke yake, nyundo mapajani, akitazama mlango wangu.

Hakuna aliyethubutu kukaa naye. Nadhani ilipita nusu saa. Kisha bibi mmoja wa milimani, mwenye mguu uliovimba, akasogea akakaa, akisema kwamba yeye hawezi kusimama siku nzima kwa mambo ya vijana. Baadaye akakaa mtu wa bondeni mwenye mtoto mzito. Wageni wangu wa baadaye waliposikia kisa hiki walipenda kudhani ni upendo uliowakalisha pamoja. Haukuwa upendo, ulikuwa mguu. Walikuwa wamechoka kusimama, na benchi lilikuwa moja.

Wasimamizi wakaja kuniuliza wafanyeje. Nikasema, "Acheni." Hilo "acheni" ndilo mchango wangu wote. Sikutoka nje. Niliwaona wagonjwa wangu mmoja mmoja mpaka jioni, na nilipotoka Byamungu alikuwa ameshakwenda.

Wageni walikuja mwezi uliofuata kama walivyoahidi, wakakuta benchi refu na watu wamechanganyika. Mmoja akapiga picha, akauliza, "Hili lilikuwa wazo la nani?" Nikasema, "Ni letu hapa zahanati." Nilikuwa na nafasi ya kusema jina la mtu, mtu mwenyewe akiwa umbali wa kutupa jiwe akiranda mbao. Mwaka uliofuata, Nairobi, "letu" likawa "langu". Mwaka mwingine, Ulaya, nyundo ikaingia mkononi mwangu. Kilemba cha ukoka nilikivaa, Koku, nikakizoea, nikafika mahali nikaanza kuikumbuka ile nyundo kwa uzito wake. Na mtoto niliweka humo pia, kwa sababu watu hulia akitajwa mtoto. Nilikuwa nasema, "Mtoto mmoja alikufa kwa sababu ya chuki." Sikusema kwamba alikufa kwa sababu ya mpango wangu, na ya mwendo wa gari langu.

Ukiingia ndani leo utaona ukutani pana mraba mweupe, pale kilipokuwa cheti nilichopewa kwa ajili ya lile benchi. Nimekishusha asubuhi hii. Mama yako aliniuliza, nikamwambia kioo kimelegea. Yeye anajua mengi kuliko ninavyofikiri, lakini hili nataka ulisikie wewe kwanza.

Umri ule ule wa yule mtoto, msimu ule ule wa mvua, wewe nawe ulipata malaria kali. Hukumbuki. Nilikubeba mpaka hospitali hapa Mbarara. Varanda ilikuwa imejaa watu, mabenchi yamejaa, wengine wamelala chini kwenye mikeka. Tuliwapita wote. Niliingilia mlango wa nyuma, nikamtafuta daktari mwenzangu kwa jina, ukatundikiwa dripu kabla sijafunga mwavuli. Hakuna aliyekuuliza wewe ni wa benchi gani. Silijutii hilo, na ungeugua kesho ningefanya tena hivyo hivyo. Lakini miaka yote nilipokuwa nakutazama ukikua, ukifunga kamba za viatu, ukipanda baiskeli ya mama yako, ukigombana nami juu ya nywele, kulikuwa na mwenzio anayekua pembeni yako ambaye ni mimi tu niliyekuwa namwona. Ndiyo maana mara nyingine ulikuwa unanifurahisha na mimi naondoka mezani. Ulidhani nimekukasirikia. Uliwahi kuniuliza, nikakujibu kwamba nimechoka na kazi. Nisamehe kwa hilo pia.

Byamungu hakuwahi kunidai neno. Alinitengenezea rafu za dawa na milango miwili, tukazungumza juu ya rafu na milango. Mara moja, kwenye sherehe kule kule Nakivale, nilikuwa nasimulia hadithi ya nyundo kwa kipaza sauti, nikamwona amesimama nyuma ya watu, futi yake ya kupimia shingoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi na wenzake, akaondoka. Mwaka juzi alifariki. Nilikwenda mazishini, nikapewa nafasi ya kusema maneno, nami nikasema alikuwa fundi hodari na mtu wa amani. Nilikuwa nimekusudia kusema yote siku ile, wallahi nilikusudia, mpaka nilipoona sura za watu zinanitazama mimi kama aliyefiwa ni mimi. Funika kombe mwanaharamu apite. Nikafunika, nikakaa.

Barua yako ndiyo iliyonimaliza. Mimi kudanganya watu wa hotelini, haya. Lakini wewe unakwenda kuishi juu ya uongo ule. Utakuwa Kigoma, siku moja mambo yatakuwia magumu, utajiuliza baba angefanya nini, na utafikiri angechukua nyundo. Hapana, mwanangu. Baba aliteremsha kioo kidogo.

Basi Jumanne nilikwenda Nakivale. Mama Furaha sasa ana kibanda sokoni, anauza unga wa muhogo na samaki wakavu wa ziwani. Kwetu mtu hamwendei mwenzake mkono mtupu kwa jambo zito, kwa hiyo nilimpelekea kahawa yetu ya kutafuna, ile aliyotuletea shangazi yako. Alichukua punje moja, akaiweka mdomoni, akakunja uso.

"Hii ni dawa?"

"Ni ya heshima," nikamwambia. "Mama Furaha, nimekuja juu ya mtoto."

"Furaha? Furaha iko muzuri. Alinipigia simu yuzi."

"Si Furaha. Yule mwingine."

Aliacha kupima unga. Alimpa mteja wake mfuko, akangoja aende. Halafu akanitazama.

"Sema jina yake."

Koku, sikulijua. Nimelitilia sahihi jina lile daftarini. Nimewaliza watu kwa ajili ya mtoto yule katika nchi nne. Nilisimama pale kibandani, mzee na mvi zangu, na jina sikulijua.

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alisema, akikiita kipaza sauti "mikro" kama kwao, "Miaka yote ile unasemaka mu mikro, mutoto mumoya, mutoto mumoya. Miye niko nyuma, nasikia. Nilikuwa nangoya siku moya utasema jina. Mambo ya benchi, Byamungu alisema tukuachie, juu benchi ni mbao tu, anaweza kutengeneza ingine. Lakini mutoto, hapana. Mutoto hatukukuachia."

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimejifunza maneno njiani kama mwanafunzi, yote yakapotea, nikabaki nasema, "Nisamehe, mama, nilikwambia ukae kwenye benchi lako." Akasema anakumbuka. Akasema anakumbuka hata kile kioo. Sijui kama amenisamehe. Hakusema, na mimi sikumwuliza, maana ningemwuliza ningekuwa namwomba tena kitu kingine juu ya kile nilichokwisha kuchukua. Lakini alinipa kigoda, akanisimulia habari za mtoto wake mpaka jua likaanza kushuka kwenye paa za maturubai, na kila mteja aliyekuja alimwambia asubiri.

Nikamwambia habari zako. Kwamba unakwenda kwa Warundi, na kwamba unaondoka ukiamini mambo yasiyo kweli.

"Mwambie wewe," akasema. "Na jina useme wewe. Usianze kwa batu ba mikro. Anza kwa mutoto yako." Kisha, nilipokuwa nainuka na goti hili, akaongeza, "Apite hapa kwanza, nimuone. Aikale na miye pale ku benchi, kidogo tu."

Ndiyo hayo. Siwezi kukuambia usikosee huko uendako. Watakuwa wengi, mtakuwa wachache, mtalazimika kuwapanga na kuwahesabu na kuwapa namba, na utakuwa na sababu nzuri. Mimi nilikuwa na sababu nzuri kuliko zote. Sina dawa ya hilo, mganga hajigangi. Nakuomba tu, ukiwa na haraka sana na mtu amesimama mahali ambapo hukumpangia mtu yeyote, shuka kwenye gari. Mkutano utasubiri, na usiposubiri haidhuru.

Barua hii nitakupa mkononi leo mkirudi, kabla ya chakula, ili usome ukiwa bado hapa na uweze kunikasirikia ana kwa ana. Usinionee huruma ya mzee. Wale waliokuajiri nimewaandikia na wao, ukurasa mmoja na nusu, nikawaeleza nyundo ilikuwa ya nani. Bahasha ipo chini ya hii, ukitaka uipeleke, ukitaka uichane. Kazi wamekupa kwa mikono yako, si kwa hadithi yangu, na sidhani wataiondoa. Hata hivyo uamuzi ni wako.

Dereva wa kesho nimezungumza naye. Mkifika njia panda ya kwenda Nakivale, kabla ya kuteremka Kikagate, atasimama akuulize. Ukisema moja kwa moja, atakwenda moja kwa moja, na hakuna atakayekulaumu. Mama Furaha nimemwonya kwamba huenda usije. Ukisema apinde, utaliona benchi mbele ya ile zahanati ya zamani, chini ya dirisha langu. Ubao wa katikati ni mweusi kuliko mbao nyingine, na misumari imeshika kutu lakini haijalegea. Atakuwa amekaa hapo. Usimpelekee pole yangu, nimeshaipeleka mwenyewe. Kaa naye tu, na akikuuliza kama unamjua mtoto wake, umjibu kwa jina.

Aliitwa Olivier. Alikuwa na miaka minne, kama wewe wakati ule, na mama yake anasema hakukubali kuvaa viatu.

Baba yako